Sakura haichanui Kisangani, lakini Tshopo ina miti yake ya maua: namna ya kuipanda na kuitunza

Kila mwaka, kuelekea mwisho wa mwezi wa tatu, picha zinajaa kwenye telefone: barabara za Japani zimefunikwa na miti yenye maua ya rangi ya waridi, na watu wameketi chini yake wakila na kupiga picha. Mti huo Wafaransa wanauita cerisier, Wajapani wanauita sakura. Picha hizo zinafika hadi Makiso, Mangobo na Lubunga, na swali linafuata mara moja: je, naweza kupanda mmoja kwenye parseli yangu?

Jibu fupi ni hapana. Hata ukipata mche wa kweli, pengine utatoa majani, lakini maua usiyasubiri. Sababu si udongo wala mkono wa mpandaji. Sababu ni baridi, na baridi hiyo Kisangani haina.

Lakini habari haiishii hapo. Kuna miji mingine ya joto iliyopata msimu wake wa maua bila sakura. Milima ya Kivu ina ndugu wa kweli wa mti huo. Na hapa Tshopo, karibu kilomita 100 ukishuka na mto, kuna madaftari ya zamani yanayoonyesha miti ya msitu wetu ilichanua lini. Anayetaka mti wa maua mbele ya nyumba yake, aanzie hapo.

Mti unaohesabu baridi

Sakura ni mti wa nchi zenye baridi kali. Matumba ya maua yake yanatengenezwa wakati wa joto, miezi mingi kabla ya kuchanua. Kisha mti unapoteza majani yote na kulala. Katika usingizi huo unahesabu baridi: unahitaji mamia ya saa ambapo hewa iko chini ya nyuzi 7 hivi. Hesabu ikitimia na joto likirudi, matumba yanafunguka karibu yote pamoja, kabla majani hayajatoka. Ndiyo maana kwenye picha unaona maua matupu, bila jani.

Sasa tuangalie Kisangani. Mji uko karibu kabisa na ikweta, kwenye urefu wa mita 400 hivi juu ya bahari. Mchana joto linafika nyuzi 30, na usiku kwa kawaida linabaki karibu na nyuzi 20. Saa za baridi ambazo sakura ingezihesabu hazipo. Mti unabaki kama mtu anayenyimwa usingizi: unatoa majani bila mpango, unachoka, na matumba machache yakitokea yanakauka na kuanguka. Hata Bukavu na Goma, miji iliyo kwenye urefu wa mita 1,500 hivi, ambako watu wanavaa koti jioni, haina baridi ya kutosha kwa sakura ya Japani.

Kwa hiyo mtu awe macho na mbegu zinazouzwa kwenye mitandao. Aina ya sakura inayopandwa zaidi Japani, ile inayoitwa Somei-yoshino, haizalishwi kwa mbegu. Kila mti ni kijiti kilichokatwa kwenye mti mwingine na kubandikwa juu ya shina changa, kazi ambayo wapandaji wetu wa maembe na machungwa wanaiita grefe. Mbegu haiwezi kukupa mti ule ule unaouona kwenye picha. Na ukiona tangazo la mbegu za sakura ya rangi ya bluu, ujue ni uongo mtupu: sakura ya bluu haipo duniani.

Kuna pia hatari ya kubeba miche ndani ya mizigo kutoka ngambo. Historia ya sakura yenyewe inatufundisha. Mwaka 1910, mji wa Tokyo ulituma miche 2,000 kwa mji wa Washington, Marekani, kama zawadi ya urafiki. Wakaguzi walikuta wadudu na magonjwa kwenye mizizi na matawi, na miche yote ikachomwa moto, ingawa ilikuwa zawadi ya heshima kubwa. Miche mingine 3,020, iliyotayarishwa kwa uangalifu zaidi, ilifika mwaka 1912, na ndiyo iliyoanzisha maua maarufu ya mji huo. Kama Marekani walichoma zawadi ya marafiki ili kulinda mashamba yao, sisi wenye migomba, mihogo na kakao tuna sababu zaidi ya kujihadhari. Nchini Kongo kuna huduma ya serikali ya karantini ya wanyama na mimea, inayojulikana kwa kifupi SQAV. Mche unaotoka nje unapaswa kupita kwao.

Singapore ilifanya nini?

Singapore iko karibu na ikweta kama Kisangani. Ni mji wa joto na mvua, hauna baridi hata kidogo. Hata hivyo, kuna majuma katika mwaka ambapo barabara zake zinajaa maua meupe na ya waridi, na wakaaji wanasema kwa utani: sakura yetu imechanua.

Mti wenyewe si sakura. Unaitwa Tabebuia rosea, na asili yake ni Amerika ya Kati na kaskazini ya Amerika ya Kusini. Wakati sakura inahesabu baridi, mti huu unasubiri ukame. Zikipita siku nyingi bila mvua, kisha mvua ikarudi, unafungua maua karibu yote pamoja.

Hili ndilo jambo la kushika. Katika nchi zetu, majira hayagawanywi na baridi na joto, yanagawanywa na mvua. Kisangani inapata karibu milimita 1,700 hadi 1,800 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi usio na mvua kabisa. Lakini miezi haifanani. Mwezi wa kwanza na wa pili mvua inapungua wazi, inapungua tena kiasi katikati ya mwaka, kisha inarudi kwa nguvu. Mti wa maua unaofaa kwetu ni ule unaojua kusoma mabadiliko hayo.

Madaftari ya Yangambi

Tshopo imewahi kuandika mambo haya kwa uangalifu mkubwa. Huko Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 kwa jina la INEAC, ambacho leo ni INERA, waangalizi walifuatilia miti ya msitu kuanzia mwaka 1937 hadi 1958. Walirudi kwenye miti ile ile, juma baada ya juma, wakiandika: huu umetoa maua, huu una matunda, huu umepoteza majani. Walifuatilia karibu miti 2,000, ya aina zaidi ya 500.

Karatasi hizo zilikaa kwenye makabati kwa miaka mingi. Zilipigwa picha, na kuanzia mwaka 2015 hivi watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walisaidia kuzinakili kupitia mradi wa intaneti ulioitwa Jungle Rhythms. Kilichoonekana ni kwamba msitu wetu, ambao wageni wanaudhani ni wa kijani kilekile mwaka mzima, una kalenda yake. Miti ya aina ya kupoteza majani, kwa mfano, inafuata miezi ya mvua chache.

Japani nao wana daftari. Katika mji wa Kyoto, watafiti wamekusanya tarehe za kuchanua kwa sakura kutoka maandishi ya kale, kurudi nyuma hadi mwaka 812. Kwa sababu ya tarehe hizo, dunia ilijua kwamba mwaka 2021 maua yalikomaa tarehe 26 mwezi wa tatu, mapema kuliko miaka yote iliyotangulia kwenye kumbukumbu hizo. Walioandika zamani hawakuwa wakipima joto la dunia. Waliandika siku ya sikukuu ya maua, basi. Leo maandishi yao ni ushahidi.

Daftari la Yangambi lilisimama mwaka 1958. Wakulima wa Tshopo wanalalamika kwamba mvua haiji tena kama zamani, lakini mtu akiwauliza tarehe, wachache wana karatasi ya kuonyesha. Tutarudi kwa jambo hili mwishoni, kwa sababu kila mwenye mti anaweza kusaidia.

Miti ipi kwa Kisangani?

Kwanza, flamboyant. Huu kila mtu anaujua: majani madogo madogo kama manyoya, maua mekundu ya moto, na viganda virefu vyeusi ambavyo watoto wanavipigapiga kama ngoma. Si mti wa Kongo. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagascar, na kutoka huko ulisambaa katika miji ya joto ya dunia nzima. Kwa kuwa umezoea ukame, unachanua vizuri zaidi pale penye miezi mikavu inayoonekana. Kisangani, ambako mvua hairuhusu ukame mrefu, mwenye flamboyant asishangae mti wake ukichanua kidogo kuliko ule wa Lubumbashi, au kwa wakati tofauti na wa jirani. Ukipandwa kwa mbegu, unaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 kabla ya maua ya kwanza.

Pili, mti unaoitwa kwa Kifaransa tulipier du Gabon, na kwa jina la kisayansi Spathodea campanulata. Huu ni mtoto wa nyumbani, unaota wenyewe katika misitu ya Afrika ya kati. Maua yake ni makubwa, mekundu yenye rangi ya chungwa, yamesimama juu ya mti kama vikombe. Matumba yake yana maji ndani, na watoto wanayabana ili kurushiana. Unakua haraka, unaweza kutoa maua baada ya miaka michache tu, na mvua nyingi haiusumbui. Ajabu ni kwamba huko Hawaii na Fiji, ambako ulipelekwa kwa ajili ya uzuri wake, umekuwa mti mvamizi unaoziba mashamba. Kwao ni adui kwa sababu si kwao. Hapa uko nyumbani.

Miti hii miwili ina kasoro moja ya pamoja: mbao zake si imara na matawi yanavunjika kwenye upepo. Kila mkaaji wa Kisangani anajua upepo unaotangulia mvua kubwa, ule unaong'oa mabati. Pia inafika mita 10 hadi 20 na zaidi kwa urefu, na mizizi yake inatambaa karibu na uso wa ardhi. Haifai kwenye parseli ndogo.

Mwenye nafasi ndogo ana chaguo la tatu na la nne. Kuna kichaka kinachoitwa flamboyant mdogo, Caesalpinia pulcherrima, kisichozidi sana mita 3, chenye maua mekundu na ya manjano. Kinaweza kuchanua kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Na kuna franjipani, mti mfupi wa maua meupe yenye harufu nzuri, ambao unapandwa kwa kipande cha tawi tu. Kata tawi la sentimita 30 hadi 50, liache kivulini juma moja hadi jeraha likauke, kisha lisimamishe kwenye udongo usiotuamisha maji. Jihadhari na maziwa yake, yanawasha ngozi na macho.

Kuanzia mbegu hadi mche

Mbegu ya flamboyant ina ganda gumu sana. Ukiifukia hivi hivi, inaweza kukaa miezi bila kuota. Chemsha maji, yaondoe kwenye moto, yaache yapoe kidogo, kisha tia mbegu na uziache humo usiku mmoja. Asubuhi, zile zilizovimba ziko tayari. Zilizobaki ngumu, zikwaruze upande mmoja kwa kuzisugua juu ya jiwe, bila kufika ndani, na uzirudishe kwenye maji. Kwa joto la Kisangani, mche unatokeza baada ya juma moja au mawili.

Mbegu ya tulipier ni tofauti: nyepesi, nyembamba kama karatasi, ina bawa. Usiizike. Itawanye juu ya udongo laini, ifunike kwa vumbi kidogo tu la udongo, na umwagilie polepole ili maji yasiibebe.

Pepinyeri haihitaji fedha nyingi. Sashe za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika zinatosha, ukizitoboa chini. Changanya udongo mweusi wa juu, mchanga wa mto na samadi iliyokaa muda mrefu. Weka sashe chini ya kivuli cha matawi ya mchikichi, na kila juma punguza kivuli kidogo ili mche uzoee jua. Ukifika urefu wa goti, uko tayari kuhama.

Mahali pa kupanda

Hapa ndipo makosa mengi yanaanzia. Mche wa leo una urefu wa goti, na mtu anausimamisha hatua mbili kutoka ukuta. Baada ya miaka 10 mizizi inainua sementi na matawi yanalala juu ya paa, kisha unakatwa na kuwa makala.

Flamboyant na tulipier vipandwe angalau mita 8 hadi 10 kutoka nyumba, kisima, choo na ukuta. Visiwekwe chini ya nyaya za SNEL. Kama parseli yako haina nafasi hiyo, fikiria uwanja wa shule, wa kanisa au wa msikiti, au kando ya avenyu pana kwa makubaliano na chefu wa mtaa. Mti wa barabarani unaowapa kivuli waendesha toleka na mama wauza ndizi una walinzi wengi kuliko mti uliofichwa nyuma ya nyumba.

Wakati mzuri wa kupanda ni pale mvua inaporudi: mwezi wa tatu na wa nne, au kuanzia mwisho wa mwezi wa nane. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka upande wake, wa chini upande wake. Udongo mwekundu wa kwetu umeoshwa na mvua kwa karne nyingi, chakula kidogo kilichobaki kiko juu. Kwa hiyo udongo wa juu, ukichanganywa na ndoo moja au mbili za samadi ya zamani, ndio unaorudi kwanza chini ya mizizi. Pasua sashe na uitoe yote. Mizizi iliyobaki ndani ya plastiki inajizungusha yenyewe hadi mti unajinyonga.

Miaka mitatu ya kwanza

Mti wa maua hauombi mengi, ila miaka mitatu ya kwanza haukuachi ulale. Haya ndiyo mambo ya kufuata.

Mbuzi: jenga uzio wa mianzi au vijiti kabla ya kupanda, si baada ya mbuzi kupita. Mbuzi akila ncha ya katikati, mti unagawanyika matawi mengi dhaifu.

Maji: juma bila mvua, ndoo moja mara mbili kwa juma inatosha, ikimwagwa polepole jioni. Tandaza majani makavu kuzunguka mche yashike unyevu, lakini yasiguse shina, yasije yakaliozesha au kukaribisha mchwa.

Kijiti cha kuegemea: mfunge mche kwa kitambaa laini, si kwa waya. Waya unazama ndani ya ganda kadiri shina linavyonenepa. Baada ya mwaka mmoja, ondoa kijiti. Mti unaotikiswa kidogo na upepo unajifunza kusimama.

Matawi: miezi ya mvua chache, kata matawi ya chini kidogo kidogo hadi shina liwe wazi kwa urefu wa mtu. Mahali ambapo mashina mawili yanashindana, chagua moja sasa, wakati kisu kinatosha. Ukingoja, upepo ndio utakaochagua, na utaangusha nusu ya mti.

Moto: usichome takataka chini ya mti. Ganda likiungua, chakula hakishuki tena kwenye mizizi. Misumari ya matangazo nayo ni milango ya ugonjwa.

Na maua? Usilazimishe. Samadi nyingi kila mwaka inaleta majani mengi na maua machache. Mti ukishashika ardhi, uache uonje ukame mdogo wa mwezi wa kwanza na wa pili. Kama tulivyoona kwa mti wa Singapore, kiu kidogo ndiyo kengele.

Ndugu wa sakura yuko Kivu

Wasomaji wa Butembo, Lubero, Walungu na Bukavu wana bahati nyingine. Katika milima yenu kunaota mti ambao wanasayansi wanauita Prunus africana. Ni wa ukoo mmoja na sakura. Wanyarwanda wanauita umwumba. Maua yake ni meupe, madogo, hayavuti macho kama ya Japani. Matunda yake madogo yanapendwa na ndege na nyani. Unapenda nchi za juu, kuanzia mita 1,000 hivi hadi 3,000, kwa hiyo Kisangani si mahali pake.

Thamani ya mti huu iko kwenye ganda. Wazee waliutumia kwa dawa tangu zamani. Katika miaka ya 1960, Wafaransa walianza kutengeneza dawa ya uvimbe wa prostati kutoka kwenye ganda hilo, na biashara ikakua Kameruni, Madagascar, Kenya, Uganda na Kivu. Watu walianza kuchuna miti kuzunguka shina lote, au kuiangusha kabisa ili wafikie ganda la juu. Mti uliochunwa pande zote unakufa. Mwaka 1995 ulianza kulindwa na mapatano ya CITES, kwenye orodha ya pili: biashara ya kimataifa haikukatazwa, lakini inahitaji hati zinazoonyesha kwamba uvunaji hauui aina hiyo.

Kwa hiyo kwa mkulima wa Kivu, kupanda Prunus africana si urembo tu. Ni akiba. Mbegu zake hazihifadhiki muda mrefu, zinapoteza nguvu baada ya majuma au miezi michache. Okota matunda yaliyoiva, osha nyama ya tunda, na upande mara moja kivulini. Unaweza kuupanda kando ya shamba la kahawa au kwenye mpaka wa shamba. Siku ya kuvuna ikifika, baada ya miaka mingi, shina likiwa nene zaidi ya sentimita 30, kanuni inayofundishwa ni kuchuna vipande viwili vinavyotazamana, kila kimoja robo ya mzunguko, na kuacha robo mbili nyingine ziulishe mti. Kisha unangoja miaka kadhaa ganda lirudi. Anayechuna lote leo, anauza shamba lake kwa bei ya kuni. Na mwanaume anayepata shida ya kukojoa aende kwa daktari kwanza, asijitibu kwa ganda alilonunua sokoni bila kupimwa.

Andika tarehe

Wajapani walipata sakura yao kwa sababu ya baridi waliyopewa. Waliyoyafanya wenyewe ni mengine mawili: walitunza miti, na waliandika tarehe. Mambo hayo mawili yanawezekana Kisangani bila baridi yoyote.

Chukua daftari la shule. Chagua mti mmoja, wako au wa barabarani, na uutazame siku moja ileile kila juma, kama walivyofanya Yangambi. Andika siku ua la kwanza lilipofunguka, siku mti ulipojaa, siku maua yalipokwisha, siku majani yalipoanguka. Pembeni andika siku za mvua. Darasa moja la shule likifanya hivyo kwa miti mitano ya uwanja wao, baada ya miaka 10 litakuwa na kitu ambacho leo hakipo. Mtoto anayeandika jina la mti kila juma hatakuwa mwepesi wa kuuchuna ganda.

Miezi ya mvua ikirudi, mashimo yawe yamekwisha kuchimbwa. Mbegu za flamboyant ziko chini ya miti mikubwa ya mji, bure, ndani ya viganda vyeusi. Za tulipier zinabebwa na upepo. Uzio uwe tayari kabla ya mbuzi wa jirani.